Gari lachemka mchangani, kwenye lami lapoa: usifungue hedi bado

"Shikamoo fundi. Naendesha pikapu ya Land Cruiser ya mwaka 2006, injini 1HZ. Kila siku napeleka barafu Ngomeni na kurudi Malindi na samaki. Tangu kaskazi ianze, nikitoka Ngomeni na mzigo, kabla sijafika Gongoni mshale wa joto umeshakaribia nyekundu. Nikishika lami na kukimbia 80, unashuka wenyewe. Cha ajabu, asubuhi nikienda na barafu, mzigo mzito vile vile na njia ile ile, hauinuki. Fundi wa kwanza alitoa themostati akaitupa. Ikawa afadhali siku mbili tatu, kisha yakarudi yale yale. Wa pili anasema gasketi ya hedi imekwenda, nitafute pesa afungue injini. Na kila siku mbili natia maji ya kisimani kama lita moja. Nifungue au nisifungue?"

Marahaba, mwanangu. Usifungue. Angalau usifungue wiki hii, na usimpe mtu shilingi ya kufungua hedi mpaka umalize kuyasoma haya na kuyajaribu. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikishafunguliwa lazima gasketi mpya ya kuziba kiungo chake, lazima ipimwe kama imepinda, na bolti zikazwe kwa mpango wake. Umalize gharama zote hizo, kumbe ugonjwa ulikuwa nje ya injini. Siku ya kwanza tu ukitoka Ngomeni na samaki wako, mshale utapanda pale pale.

Mimi gari linalochemka siligusi kwanza. Namuuliza dereva: lini, wapi, ukiwa unafanya nini? Wengi hunijibu, "Lachemka tu, fundi." Wewe umejibu vizuri kuliko unavyojua, maana ugonjwa umeshautaja mwenyewe bila kukusudia.

Tuanze na lami. Injini hutoa joto, maji hulibeba mpaka kwenye rejeta, upepo hulichukua hapo na kwenda nalo. Wabebaji ni wawili tu, maji na upepo, na kazi yetu ni kujua yupi kati yao amelala. Ukikimbia 80, upepo unaingia kwa nguvu zake wenyewe. Hata feni ingekuwa haipo, usingejua. Sasa kama mshale unashuka hapo na samaki wako wote wangali mgongoni mwa gari, ina maana maji yanazunguka, pampu inasukuma na mirija ya rejeta inapitisha. Mbebaji wa maji yuko macho. Mchangani unakwenda 15, labda 20, injini inavuta kwa roho yake yote, na upepo ulio nao ni ule tu unaovutwa na feni. Hapo ndipo unapochemka. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni feni, na wa pili ni chochote kinachoziba njia ya upepo.

Ungekuwa wewe ni yule dereva ambaye mjini hana shida, ila akifika 90 kwenye lami ya Garsen ndipo mshale unapoinuka, ningekwambia kinyume chake: upepo unao tele, tafuta kwenye maji. Rejeta iliyoziba kwa ndani, mapanga ya pampu yaliyoliwa na kutu, themostati (ule mlango unaoyaachia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) inayofunguka nusu. Au mpira wa chini wa rejeta, ambao mafundi wengi huusahau. Pampu huvuta maji kupitia mpira huo, na ndani yake mara nyingi huwekwa waya wa springi ili usinywee. Waya ukiliwa na kutu, ukikanyaga mafuta kuta za mpira zinakutana kama mdomo unaonyonya embe, maji yanakatika. Ukisimama na kufungua boneti, mpira umerudi duara, na kila mtu anaapa hauna kasoro. Huo huangaliwa injini ikiwa inanguruma, mmoja akikanyaga na mwingine akitazama. Kwako sidhani, lakini ukiwa chini ya boneti uangalie tu, ni bure.

Sasa lile la asubuhi na mchana uliloliita ajabu. Wavuvi unaowapakilia samaki wangekujibu papo hapo. Kutoka Gongoni kwenda Ngomeni unaelekea kaskazini mashariki, na kaskazi yatoka huko huko. Ukienda unaipiga kifua, inaingia moja kwa moja kwenye grili. Ukirudi iko mgongoni. Gari linakwenda 15, upepo nao unakwenda hivyo au zaidi kwa upande ule ule, kwa hiyo mbele ya rejeta hewa imetulia kama chumba kilichofungwa madirisha, na ile hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini inazunguka chini ya bampa na kuvutwa tena. Feni nzima ingeyamudu hayo yote. Feni iliyochoka hubebwa na kaskazi asubuhi na kuumbuliwa na kaskazi mchana. Sisemi ni upepo peke yake; asubuhi hewa ni baridi, na mchanga uliokunywa umande ni mgumu kidogo, gari halizami sana. Lakini dalili zote zinaangukia upande mmoja. (Na hapo hapo Ngomeni, 1967, Waitalia walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lao baharini. Sisi twashindwa na kilomita chache za mchanga.)

Feni ya gari lako haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Katikati yake kuna kitu cha duara chenye mabati bati kama ya injini ya pikipiki. Hiyo ndiyo klachi ya feni. Ndani mna mafuta mazito ya silikoni. Mbele yake kuna kikoili kidogo cha bati kilichojiviringa, kinachopigwa na hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa hiyo ikiwa ya moto, kikoili kinajipinda na kufungua mlango mdogo, mafuta yanaingia, klachi inashika na feni inazunguka kwa nguvu. Ikipoa, klachi inaachia na feni inateleza, injini isile dizeli ya bure. Mafuta yale huvuja kidogo kidogo kwa miaka, au huchoka. Na feni haisimami! Ndiyo maana inadanganya watu. Dereva anafungua boneti, anaona inazunguka, anasema feni iko sawa. Inazunguka, ndiyo, lakini haina ubavu.

Ipime hivi. Asubuhi kabla hujawasha, shika panga moja la feni ulizungushe kwa mkono kisha uachie. Unatakiwa usikie kama unakoroga asali, na ukiachia isimame karibu papo hapo. Ikiserereka raundi mbili tatu kama feni ya dari iliyozimwa, mafuta hayamo. Kisha uipime tena mchana, siku gari likiwa limepanda joto njiani: zima injini kabisa, ufunguo uutie mfukoni mwako wewe mwenyewe, fungua boneti, na kwa tambara mkononi sukuma panga lile lile. Sasa inatakiwa iwe nzito kupita asubuhi, mpaka uhisi tofauti begani. Ikiwa laini vile vile, klachi imekufa. Tazama pia uso wake: mafuta yakivuja hurushwa kwenda nje, vumbi hushika juu yake, na utaona michirizi myeusi inayotoka katikati kama miale ya jua kwenye picha ya mtoto. Tikisa feni mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imekwisha, na hiyo usiiendeshe hata siku moja.

Kipimo kingine ni sikio. Klachi nzima ikishika, feni hunguruma kama ndege inayojitayarisha kuruka, na dereva aliyezoea gari lake huijua sauti hiyo. Jiulize, mara ya mwisho kuisikia mchangani ilikuwa lini?

Kuna wanaokunja gazeti na kulichomeka kwenye feni inayozunguka waone kama itasimama. Usifanye, vidole havioti tena. Na kuna wanaopiga bolti klachi, au kuichomelea, ishikane moja kwa moja. Gari litapoa, sikatai, na mtu akikwama porini ni njia ya kumfikisha nyumbani. Tatizo huja baadaye. Mvua za El Niño za 1997 nilikuwa na Land Rover ambayo mimi mwenyewe, kwa ujuaji wangu wa ujana, nilikuwa nimeifunga feni hivyo. Nikaingia kwenye maji yaliyokuwa yamekata barabara, yakafika kwenye bampa. Feni ilipopiga maji haikuweza kuteleza. Mapanga yakajivuta mbele na kuchora duara zuri kabisa kwenye rejeta, kama limepimwa kwa bikari. Tulilala hapo siku mbili. Klachi inayoteleza ndiyo inayokuokoa na hilo, na hata ukiwa nayo nzima, kabla ya kuingia maji ya kina funga turubai mbele ya grili na uende polepole.

Klachi ya Toyota iliyovuja bila kuharibika beringi hufunguliwa na kujazwa. Toyota wenyewe huuza hayo mafuta ya silikoni kwenye vichupa vya mililita 18, yakiwa na uzito tofauti tofauti. Fundi mtulivu hufungua skurubu za mbele, husafisha, hutia, na anarudisha bila kukipindisha kile kikoili. Ukiamua kununua klachi nyingine, afadhali ya mtumba iliyo halali kuliko mpya ya boksi lisilo na jina. Nimeona za namna hiyo zikiwa laini tangu siku ya kwanza.

Ukiwa hapo kwenye feni, angalia ile kava ya plastiki inayoizunguka kwa nyuma ya rejeta. Ipo? Imefungwa pande zote? Mara nyingi fundi akishusha rejeta huona tabu kuirudisha, hasa kama imepasuka, akaiacha nyuma ya gereji. Bila kava, feni haivuti hewa kupitia rejeta. Inachota ile iliyo pembeni yake, ya moto, inaizungusha hapo hapo. Nimetibu magari mawili hapa mjini kwa kurudisha kava peke yake.

Sasa zunguka mbele ya gari. Hukuniambia umefunga nini, lakini pikapu za kazi hizi nazijua: taa mbili kubwa za kumulika kwenye bampa, jina la tajiri kwenye ubao, dumu la maji limening'inizwa, na kamba juu yake. Kila kimoja kinaiba upepo. Vitoe, au vishushe chini ya usawa wa grili.

Kisha rejeta yenyewe. Wewe unafanya kazi katikati ya mashamba ya chumvi na pwani, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi baada ya klachi. Kati ya mirija ya rejeta kuna vile vibati vyembamba vilivyokunjwa kunjwa, mimi naviita mapezi. Maji hayapiti humo. Kazi yake ni kuutoa ule moto kwenye mirija na kuukabidhi kwa upepo. Upepo wa chumvi huyala. Kwa macho yataonekana yapo, rangi ya kijivu tu, lakini yameachana na mirija na hayapokei joto tena. Pitisha ukucha polepole sehemu ya chini, pale mchanga unaporushwa. Yakimeguka kama biskuti iliyolowa chai, rejeta hiyo imeshastaafu hata kama haivuji tone.

Kama gari lina kiyoyozi, kuna kondensa, kama rejeta ya kiyoyozi chenyewe, mbele ya rejeta, na uwazi kati ya hivyo viwili ndio jaa la taka. Humulika tochi kutoka juu ndipo uone. Nimewahi kutoa humo mbegu za nyasi, panzi, manyoya ya kuku na karatasi ya miraa, vyote vimeshikana kwa vumbi kama mkeka. Kuosha, mpira wa maji wa kawaida unatosha, na uoshe kutoka upande wa injini kwenda mbele, utoe uchafu kwa njia uliyoingilia. Ile mashine ya kuoshea magari kwa presha iweke mbali, inalaza mapezi yote chini na hapo umeziba kwa mkono wako kile ulichotaka kuzibua. Sabuni ya unga kidogo kwanza, iache robo saa, kisha maji mengi mpaka yatoke meupe. Wewe wa chumvi fanya hivyo kila wiki.

Tuje kwa fundi wa kwanza, aliyeitupa themostati. Huyu simlaumu sana, ni desturi yetu pwani. Husema nchi hii ya joto, themostati ya nini? Lakini themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Injini ya dizeli hutaka kufanya kazi kwenye joto lake. Ikikaa baridi dizeli haiungui vizuri, masizi yanaingia kwenye oili na silinda zinalika mapema. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Injini nyingi zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta, ili injini ipate moto upesi asubuhi. Themostati ikifunguka upande wa rejeta, sahani yake ya chini huiziba hiyo njia ya mkato. Ukiitoa, mlango wa mkato unabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuonana na rejeta kabisa. Ulidhani umefungua njia kumbe umefungua mchepuko. Zile siku mbili tatu za afadhali ulizopata huenda zilitokana na maji mapya aliyotia.

Nunua mpya, na kabla hujaifunga ijaribu jikoni. Sufuria ya maji kwenye jiko, themostati ifungwe uzi na kuning'inizwa isiguse chini, kipimajoto kando yake. Namba iliyopigwa chapa juu yake, tuseme 82, ni joto inaloanza kufunguka, na nyuzi kumi na kitu baadaye iwe imefunguka yote. Ukitoa kwenye maji ijifunge yenyewe. Mara moja nilifanya hivyo na tatu mpya kutoka duka moja. Moja ilikuja kufunguka maji yakikaribia kuchemka. Hiyo ingekuwa kwenye injini ya mtu, leo angekuwa anaambiwa gasketi imekwenda.

Lita moja kila siku mbili si mchezo, lazima inakwenda mahali. Anza na kifuniko cha rejeta, ndicho rahisi kuliko vyote. Hapa kwetu usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kifuniko kizima kilichoandikwa presha ya 0.9 (vingine vimeandikwa 88) hubana maji yasichemke mpaka karibu 119. Mpira wake ukichoka, maji yanaanza kuchemka mapema na kutoroka kwa ule mpira mdogo unaokwenda kwenye chupa ya akiba, na dereva haoni tone chini ya gari. Kifuniko hicho kina mlango wa pili, mdogo, katikati, unaoyarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Uvute kwa ukucha, ufunguke na kurudi. Na asubuhi tazama mpira wa juu: ukiukuta umenywea kama mfuko uliofyonzwa hewa, mlango huo umeganda na maji hayarudi.

Kifuniko kikiwa kizima, tafuta alama. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shafti yake, kilichowekwa makusudi kikuambie sili imechoka. Michirizi myeupe au ya rangi hapo ni barua ya kujiuzulu. Angalia viungio vya mipira, hasa vilivyofungwa kwa waya badala ya klipu. Tandika karatasi za boksi chini ya injini usiku kucha. Gereji zenye pampu ya mkono ya kupimia rejeta zitaijaza presha injini ikiwa baridi na kuangalia kama inashuka. Ni kazi ya dakika kumi.

Na maji ya kisima, mwanangu, acha. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, unaijua mwenyewe ukikoga na sabuni haitoki povu. Humo ndani huacha magamba meupe kama ya birika, na chumvi yake hula alumini na kutafuna sili za pampu. Chota ya mvua ukiwa nayo, au nunua maji ya betri, uchanganye nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rangi ya kutia kwenye rejeta. Sisi kulanti hatuitii kwa kuogopa barafu. Twaitia kwa sababu inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kuzidisha kupita nusu si faida, maana maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Rangi yake isikudanganye, nyekundu ya kampuni moja si nyekundu ya nyingine. Chagua aina moja ubaki nayo. Na ukimwaga ya zamani usiimwage uani. Ina utamu, mbuzi na paka huinywa, na ni sumu.

Usitie manjano, unga wala yai kuziba mvujo. Nacheka lakini nimefungua rejeta nikakuta bizari ya kutosha sufuria ya pilau. Kweli mvujo ulizibwa, pamoja na nusu ya mirija.

Fundi wa pili sasa. Gasketi ya hedi haikisiwi kwa macho, ina vipimo vyake na vyote wavifanya mwenyewe. Asubuhi injini baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyonaswa, viache vitoke. Vikiendelea mfululizo, vidogo vidogo kama soda, au maji yakarushwa nje wakati bado ni ya baridi, hiyo ni gesi ya silinda. Kisha funga kifuniko, na dakika mbili baada ya kuwasha uminye mpira wa juu: maji hayajapata moto, kwa hiyo hauna sababu ya kuwa mgumu. Ukiwa mgumu kama tairi, nampa haki fundi wako. Chomoa kijiti cha oili, na tazama chini ya kifuniko cha oili. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweupe asubuhi usioisha, na injini inayokohoa silinda moja kwa sekunde kadhaa kisha kutulia, ni maji yaliyolala juu ya pistoni. Kuna pia gereji zenye kile kichupa cha dawa ya buluu inayogeuka manjano ikinusa gesi ya moshi mdomoni mwa rejeta. Kwenye dizeli hugeuka kwa uvivu kidogo, ipe muda na ukanyage mafuta.

Usipoyaona yoyote kati ya hayo, mwambie asante. Ukiyaona, basi gasketi imeunguzwa na hizi siku zote za kuchemka, na itabidi ufungue. Lakini hata hapo feni iende kwanza, la sivyo ile mpya itaungua vile vile.

Mpaka utengeneze, ukiwa mchangani usijikaze kwenye gia kubwa ukidhani unaionea injini huruma. Ingia gia ya chini ya fowili, injini izunguke juu juu bila kulemewa; feni na pampu nazo zitazunguka kwa kasi wakati magurudumu yanakwenda pole. Punguza upepo wa tairi kwa kiasi mzigo unavyoruhusu, na uwe na pampu ya kujazia ukifika Gongoni. Zima kiyoyozi. Mshale ukipanda, fungua hita yote na uteseke na joto, hiyo ni rejeta ya pili ndogo. Simama, geuza uso wa gari uelekee kaskazi ikiwa nafasi ipo, acha injini ingurume juu kidogo ya kawaida bila mzigo, na mara nyingi mshale utashuka.

Lakini hiyo ni pale maji yakiwa bado yamo. Mpira ukipasuka na maji yakamwagika, zima papo hapo. Wavuvi wa mashine za boti wana bahati, mashine inatoa mkojo wa maji ya kupozea ubavuni, ukikatika tu wanazima. Sisi tuna mshale, na mshale wa Toyota umetengenezwa ukae katikati kwa nafasi pana ili usikuhangaishe. Ukiuona unaondoka hapo, joto limeshapita mbali. Ubaya wake mkubwa ni huu: kile kihisio chake kinapima maji. Maji yakiisha kinabaki hewani, na mshale waweza kushuka huku injini inaungua. Ukipanda kisha ukaanguka ghafla na hukufanya chochote, usishangilie. Pesa uliyotenga ya kufungua hedi, kata kidogo ununue geji ya pili ya joto yenye namba.

Kifuniko usikifungue kikiwa moto, hata kwa tambara, hata kama samaki wanalainika. Subiri angalau nusu saa, mpira wa juu ukiuminya ulegee. Na maji baridi usiyamwage kwenye injini iliyokauka ikiwa ya moto. Hedi hupasuka hivyo. Ukijaza baadaye, elekeza pua ya gari mlimani, hita wazi, tia polepole huku ukiminya mpira wa juu ili hewa itoke.

Anza na feni kesho asubuhi, kabla hujapakia barafu, kwa kuwa kipimo cha baridi ukishawasha kimekupita mpaka siku ya pili. Na ukifunga themostati mpya, utaona ina kitundu kidogo chenye kipini kinachotikisika: hicho kikae juu kabisa, hewa ipate pa kutokea.